Mchezo wa Mia Nne na Kumi na Mbili: Maisha ya Mzee Thembo Yeseri

Baba Mchungaji, viongozi wa Nyakiyumbu na Bwera, majirani na ndugu mliotoka Kasese, Fort Portal na ng'ambo ya mpaka, mimi ni Naome, mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenituma kuwasomea maisha ya baba yetu kama tulivyoweza kuyathibitisha, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda jambo lisemwe bila ushahidi.

Mzee Thembo Yeseri alizaliwa hapa Nyakiyumbu tarehe 14 Februari 1948, kwa mujibu wa kadi yake ya ubatizo, ingawa marehemu bibi yetu Kaswera alishikilia hadi mwisho kwamba ilikuwa Machi, na kwa kuwa kadi iliandikwa miaka sita baadaye, hatuna msingi wa kumpinga mama aliyekuwepo. Kwamba alikuwa mtoto wa kiume wa tano, hilo halina ubishi, kwani jina la Thembo linatosha kuwa shahidi miongoni mwetu Bakonzo, ambao majina yetu hufuata zamu ya kuzaliwa. Baba yake, Koplo Baluku, alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma miaka miwili kabla, na katika safari hiyo alipitia bandari ya Colombo, ambako aliona manowari nyingi kwa pamoja kuliko nyumba zote alizowahi kuziona, na habari hiyo aliisimulia kwa wanawe kila jioni mpaka wanne wa kwanza wakaichoka, na wa tano akaanza kuuliza maswali.

Koplo Baluku aliamini jambo moja, kwamba Japani ilishindwa kwa bahati mbaya, na kwamba kama manowari zake nne za kubeba ndege zisingezama karibu na kisiwa cha Midway mwezi wa Juni 1942, dunia ingekuwa nyingine. Mwanawe hakukubali wala hakukataa, aliuliza tu, akiwa na umri wa miaka kumi, ni nani alikuwa anatengeneza manowari nyingine.

Alisoma shule ya msingi hapa Nyakiyumbu kuanzia 1956 hadi 1962, kisha shule ya ufundi mjini Fort Portal hadi Desemba 1966, na tarehe 6 Machi 1967 aliajiriwa katika karakana ya machimbo ya shaba ya Kilembe, akiwa fundi wa kukereza vyuma vya pampu. Huko ndiko alikopata jibu la swali lake la utotoni, kwa maana aliona kwamba pampu ikifa chini ya mlima, maji hayasubiri ushujaa wa mtu yeyote, yanasubiri kipuri, na kipuri kinatoka kwenye mashine, na mashine inataka umeme, chuma na fundi aliyelala vizuri. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano, hadi uchimbaji uliposimama mwaka 1982, akarudi nyumbani na kufungua karakana yake Bwera, akitengeneza mashine za kukoboa kahawa na kusaga mihogo, na wengi wenu mliokaa hapa mmekula unga uliopita kwenye vyuma alivyovikereza.

Tarehe 17 Agosti 1974 alifunga ndoa na mama yetu, Loyi, wakajaliwa watoto wanne, Kenneth, mimi Naome, Docus na Phionah, ambao sote tupo hapa. Mama alifungua duka la soda na mkate karibu na barabara ya kwenda Mpondwe, na duka hilo, kama mtakavyosikia, liliingia katika vita vya Pasifiki bila kuombwa ruhusa.

Mwaka 2006 alifika karakanani sajini mstaafu, Afande Drani, mzaliwa wa Arua, aliyekuwa amehudumu katika kambi za huku na kuamua kubaki, akiwa amebeba roda ya mashine iliyovunjika. Ukutani aliona ramani ya Pasifiki ambayo Mzee aliichora kwenye kipande cha turubai, akauliza ni shamba la nani, na alipoelezwa, akasema bila kusita kwamba Koplo Baluku alikuwa sahihi, kwani vita huamuliwa na wanaopigana. Roda ilitengenezwa siku hiyo hiyo, lakini ubishi haukuisha, na Jumamosi iliyofuata turubai ililazwa juu ya meza kwenye baraza ya duka la mama.

Tangu hapo walicheza kila Jumamosi mchana, mchezo mmoja mara nyingi ukichukua Jumamosi mbili au tatu, na kila mchezo ulianza na historia iliyobadilishwa kidogo, mara Japani imeshinda Midway, mara matangi ya mafuta ya Pearl Harbor yameungua, mara Japani imegoma kabisa kushambulia, kisha wakatazama yatokanayo mwezi kwa mwezi. Manowari za Afande, upande wa Japani, zilikuwa punje za kahawa, na za Mzee, upande wa Amerika, zilikuwa vizibo vya soda, lakini Mzee alijiwekea sharti ambalo hakuna aliyemlazimisha, kwamba kizibo hakiingii baharini mpaka chupa yake iwe imefunguliwa wiki ileile dukani kwa mama, kwa sababu, alisema, meli haitoki hewani. Afande alikuwa akigonga meza na kusema, "Mzee, acha hesabu, songa! Meli yako iko wapi?" naye Mzee akajibu kwa utulivu, "Afande, wewe unahesabu yenye imezama, mimi nahesabu yenye inakuja."

Kulikuwa na sharti la pili, ambalo Afande ndiye aliyelidai. Alisema kiwanda hakina faida kama wenye kiwanda wamekata tamaa, hivyo kila mwaka wa vita ulipokwisha mezani, mmoja wao alimgeukia mama pale dukani na kumuuliza, "Mama Kenneth, batu ya Amerika banachoka?" na mama, bila kuacha kupanga mikate, alijibu "Bado" au "Banachoka," na akisema wamechoka, Amerika iliomba amani na Japani ikawa imeshinda. Mzee alilalamika mara nyingi kwamba mama alijibu kulingana na namna mwenyewe alivyoamka siku hiyo, na mama hajawahi kulikanusha hilo.

Marehemu aliniagiza, akiwa hospitalini, niandike katika historia hii kwamba alishinda vita hivyo vyote na kwamba Japani isingeweza kushinda kwa njia yoyote. Nimesoma madaftari kumi na sita ya michezo hiyo, yote kwa mwandiko wake, na ninasikitika kwamba madaftari hayamuungi mkono. Michezo iliyokamilika ni mia nne na kumi na moja, Mzee alishinda mia tatu sabini na mitatu, na Afande Drani alishinda thelathini na minane. Kati ya hiyo ya Afande, tisa ni ya mwaka 2020, mpaka wa Mpondwe ulipofungwa kwa sababu ya korona, wafanyabiashara wakatoweka, soda haikununuliwa, na Amerika yote ikakaa miezi bila kuteremsha meli hata moja. Tulimsihi atumie vizibo vya zamani, ambavyo vilijaa ndoo mbili, akakataa, akasema kiwanda kimefungwa, basi kimefungwa, na akashindwa michezo tisa mfululizo kwa sharti lake mwenyewe, huku Afande akimwuliza kama Wamarekani wameanza kunywa chai.

Iliyobaki ishirini na tisa ndiyo yenye uzito. Katika hiyo yote, Japani haikuishinda Amerika kwa viwanda, iliwahi tu kuwachosha watu kabla ya meli mpya kufika. Nimeangalia pia vitabu vya historia, na ni kweli kwamba manowari kubwa za kubeba ndege za aina moja, kumi na saba, zilianza kazi upande wa Amerika kabla vita havijaisha, na kwamba Japani haikuwa na uwezo unaokaribia huo, kwa hiyo baba alikuwa sahihi kuhusu kiwanda. Lakini kiwanda kinahitaji miezi, na miezi hiyo lazima kuwe na watu wanaokubali kungoja, na hapo Afande alikuwa sahihi. Sitaandika zaidi ya hayo, hata kwa ajili ya baba.

Mnamo Aprili 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, ikagundulika kuwa moyo wake umedhoofika, akatibiwa hospitali ya Bwera na baadaye Fort Portal. Jumamosi ya tarehe 25 Oktoba 2025, katikati ya mchezo wa mia nne na kumi na mbili, alizidiwa mezani, na Afande Drani, mwenye miaka sabini na mmoja, alimpakia kwenye bodaboda, akakaa nyuma yake akimshikilia hadi hospitalini, na hakuondoka hapo kwa siku tatu. Baba yetu alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Meza iko kama walivyoiacha. Ni Desemba 1942, Amerika ina vizibo viwili tu baharini, na mama alikuwa hajaulizwa. Afande, ambaye hana ndugu wa damu huku, alituuliza juzi kwa sauti ya chini kama turubai itakunjwa na kuzikwa pamoja na Mzee, kwa maana hakujua, alisema, Jumamosi ataenda wapi. Familia iliona kwamba mchezo ambao haujaisha si wetu kuufunga, na mtu mmoja tu ndiye mwenye mamlaka hayo. Jana, alipomaliza kuwagawia waombolezaji chai, nilimuuliza mama kama batu ya Amerika banachoka. Aliweka birika chini, mwanamke aliyeishi na mume wake miaka hamsini na mmoja, akasema, "Bado."

Basi naisoma hapa kama ilivyoamuliwa: mchezo wa mia nne na kumi na mbili haujaisha, turubai haitakunjwa, Jumamosi ijayo Afande Drani atakuta kiti chake mahali pake, na mama ameamua kukaa upande wa Amerika yeye mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bwera na Fort Portal, waliotueleza ukweli kila siku, majirani waliochota maji na kupika, mafundi wenzake wa zamani wa Kilembe waliokuja kutoka mbali, na wote walionunua soda dukani wiki hii ya msiba, kwani vizibo vyote vimehifadhiwa, na ni arobaini na vitatu.

Baba, umeacha meli njiani nasi tutazingoja. Pumzika kwa amani.