Marehemu John Paul Ofumbi, Aliyewavua Wazee Wetu Namba

Marehemu John Paul Ofumbi alizaliwa tarehe 12 Machi 1976, Osukuru, Tororo, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Eriku Owori na marehemu mama Maurine Among. Alisoma shule ya msingi hapa hapa Osukuru, akaacha sekondari mwaka 1994 baba yake alipofariki.

Mwaka 1998 alifungua studio ya picha Busia, upande wa Kenya. Wengi waliotaka picha za pasi ya kuvukia mpaka walitoka moja kwa moja shambani, kwa hiyo alitundika koti jeusi msumarini, na kila mtu aliazima.

Tarehe 5 Agosti 2000 alifunga ndoa kanisani na Anjeline Athieno, ambaye hakupelekwa shule.

Mwaka 2016 mteja alimletea picha za enzi za wakoloni azisafishe. Wazee wetu walikuwa wamesimamishwa uchi, namba zikining'inia kifuani. Ofumbi alizitazama siku nzima bila kula. Akaanza kuzitengeneza upya kwa kompyuta: akafuta namba, akawavika nguo, wengine lile lile koti la studio, akawakalisha kwenye viti kama watu wenye kwao.

Picha ya kwanza aliileta nyumbani kwa furaha. Ilikuwa ya mama mmoja, paji la uso limelainishwa.

"Baba Babra, chale zake ziko wapi?" mkewe aliuliza.

"Nimezitoa. Nilitaka aonekane msafi."

"Kwani zilikuwa uchafu? Namba aliwekewa na mzungu. Chale alichanjwa na shangazi zake, akavumilia. Sasa umemwacha kama kuku aliyenyonyolewa."

Marehemu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawasha kompyuta, na Athieno, aliyelelewa na nyanya mwenye chale kama hizo, akamwonyesha kwa kidole kila mstari ulipopita. Hivyo ndivyo zilivyotengenezwa picha zote arobaini na moja.

Maonyesho ya picha hizo yalipofanyika Nairobi mwaka 2022, watu walimuuliza nani alimfundisha chale. Alisema ni wazee wa kijijini. Mkewe alikuwa amesimama hapo hapo, amevaa gauni lake jipya la gomesi. Walipouliza huyu ni nani, alijibu, "Ni mama anatusaidia nyumbani."

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Mkewe ndiye aliyemwogesha na kumpeleka hospitali. Siku moja marehemu alimwita binti yao, Babra. "Chini ya kila picha, andika jina la mama yako kabla ya langu."

"Umechelewa, mzee," mkewe alimwambia.

"Najua. Aandike hivyo hivyo."

Babra alikuwa amefikia picha ya kumi na tisa baba yake alipofariki, Jumanne tarehe 10 Juni 2025.

Karatasi hii nayo ilikuwa imechapwa "mjane na watoto", bila jina la mjane. Imerudiwa.

Ameacha ndugu yake, Oboth. Watoto watatu, Babra, Lorine na Odoi. Na mke wake wa ndoa, Anjeline Athieno. Picha ishirini na mbili zilizobaki, Babra ataziandika.

Bwana ampokee, apate pumziko.