Meza Iliyopanda Hadi Kwenye Kiwiko

Shikamooni wazazi wangu. Wenzangu, hamjambo. Tangu mwenyekiti wa kikundi chetu aniambie nitazungumza leo, nimejizoeza mbele ya kioo mpaka mama akauliza nagombana na nani humo chumbani. Mnanijua. Mimi ni yule fundi anayekushonea shati kisha anakuita tena kwa sababu kifungo kimoja hakikumpendeza. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye simu, na kwa kufumua nguo za watu wa nyumbani, kwa hiyo kila siku naogopa kwamba atatokea fundi wa kweli hapa Karatu aulize nani aliniruhusu kugusa kitambaa.

Woga huo ndio ulionikalisha vibaya. Nilikuwa nakalia kigoda cha mama, kile kifupi cha miguu mitatu. Viti vilikuwepo nyumbani, lakini kigoda kilinisogeza macho karibu na sindano ya cherehani, nami nilitaka kuona kila tundu. Mabega yakapanda karibu na masikio. Pua ilibaki kidogo tu ishonwe pamoja na kola. Na kukata nilikatia chini, kwenye mkeka, nimeinama kuanzia kiunoni kama tunavyopalilia maharage. Akina mama, hapo mnanielewa. Kwetu tunainama kufagia, tunainama kufua, tunainama kuvuna. Mwanamke akifanya kazi amesimama wima, anaonekana kama amekuja kutembea.

Basi mkaniletea vitenge vya sare zenu. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nilijiambia nikishona hizi vizuri, hakuna tena wa kuniuliza kama mimi ni fundi. Kwa hiyo sikupumzika. Nilishona, nikafumua, nikashona tena, hata mapindo ya ndani ambayo hakuna mtu angeyaona isipokuwa anayefua.

Kwanza vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi. Nikavipulizia, nikaendelea. Kisha asubuhi moja shingo ikakataa kugeuka. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akiniita kwa nyuma ilibidi nizunguke mwili mzima, taratibu, kama lori linalotafuta pa kugeuzia. Najua mlisema nimeanza maringo. Dada mmoja wa hapa hapa alimwambia mama kwamba siku hizi mwanao akisalimiwa anageuka kama bibi harusi. Sikuwa na maringo. Nilikuwa nauma meno nisilie.

Hospitali walinipima, wakasema mifupa ni mizima, misuli ndiyo imechoka. Mtaalamu wa viungo aliniomba nimwonyeshe ninavyokaa kazini. Nikatafuta kitu kifupi cha kukalia, nikakosa, nikachuchumaa. Aliniangalia kwa huruma. Alinieleza vizuri kuhusu urefu wa kiti na wa meza, lakini mimi nilichosikia ni kwamba natakiwa ninunue kiti cha ofisini chenye magurudumu. Nikarudi nyumbani nikaamini ushonaji ni wa watu wenye ofisi.

Mama yangu alichuma kahawa kule Oldeani tangu ujana wake, na mgongo wake unajua baridi inakuja kabla yetu. Alinitazama nikijaribu kunywa chai bila kuinamisha kichwa, akasema, "Mwanangu, rudisha vitambaa vya watu. Mimi nimeumia sikuwa na la kufanya. Wewe unalo."

Aliyasema kwa upendo, na ndiyo maana yaliniuma zaidi. Nikavikunja vitenge. Nikapanga kuja kwa mwenyekiti kesho yake nimwambie nimeshindwa.

Jioni hiyo mama akanituma nyama. Na hapa ndipo Mungu alipoamua kunifundisha buchani. Mwenye bucha ni mwenzetu katika kikundi hiki, amekaa pale nyuma anajifanya hasikii. Nilisimama mbele yake nimekakamaa, akaacha kukata.

"Binti, mbona umesimama kama askari wa gwaride?"

Nikamwambia shingo imekataa kwa ajili ya kushona. Akauliza nguo nakatia wapi. Nikasema chini, kwenye mkeka.

Akacheka mpaka akaweka kisu pembeni. "Mimi nikimkatia ng'ombe sakafuni, jioni mtatuzika wote wawili."

Akaniita upande wake wa kaunta, akaniambia nisimame wima na kukunja mkono. Ile kaunta ilikuwa chini kidogo tu ya kiwiko changu. Mgongo haukuwa na sababu ya kwenda popote. Nikabaki pale naegemea mbao, wateja wananishangaa, na maneno yote ya yule mtaalamu wa hospitali yakaanza kuniingia, moja baada ya jingine. Hakunitaka ninunue ofisi. Alitaka kazi inifuate mimi nilipo, nisiifuate kila inapolala.

Vitenge havikurudi. Nilipandisha meza yetu ya kulia chakula juu ya matofali mpaka ikakaribia kiwiko, nikawa nakatia hapo nimesimama. Kigoda nikakirudisha jikoni, nikachukua kiti chenye mgongo, nikaweka mto, miguu ikakanyaga chini yote. Ili nione sindano bila kuinama, nikahamishia cherehani dirishani. Mwanga tu! Miaka yote nilikuwa nakunja shingo kutafuta mwanga uliokuwa nje ya dirisha langu. Na nikimaliza kola moja, nasimama, naenda hadi mlangoni, nazungusha mabega, nasalimia wapita njia. Hivyo ndivyo nilivyowajua majirani ambao nilikuwa nawajua kwa viatu tu.

Mlinitania. Walikuja watu dirishani kuniagiza nusu kilo ya steki. Mmoja akaomba na utumbo. Nami nikawa nawajibu leo kuna kitenge tu, hakina mfupa.

Maumivu hayakuondoka siku moja, nisiwadanganye. Yaliondoka kama mgeni asiyetaka kuaga: anasimama mlangoni, anarudi kuketi, hatimaye unasikia kimya. Na mama aliyeniambia niache? Sasa nagombania naye meza. Anachambulia maharage pale, amesimama wima, anaimba. Namwambia, "Mama, hicho ni kitenge cha watu." Ananijibu nitafute matofali yangu.

Namshukuru yeye. Namshukuru mtaalamu wa hospitali aliyevumilia kuniona nimechuchumaa. Nakushukuru mjomba wa bucha. Na kwenu nyote ninalo ombi moja tu: kesho mkianza kazi, iwe unga, jembe au usukani wa gari la watalii, jiangalieni kwanza mlivyokaa. Maumivu ya kila siku si sehemu ya kazi. Yanakuambia usogeze kitu.

Sare mlizovaa nilizishona zote, na jana usiku sikufumua hata moja, ingawa kola ya mjomba imepinda kidogo na naiona kutoka hapa.

Sasa naomba mnitazame. Ninyi mliokaa kulia, asanteni sana. Nanyi mliokaa kushoto, asanteni sana. Mmeona? Nimegeuza shingo peke yake.