Tangazo Lisilokufa

Kwenye bajaji ya kwenda Vingunguti, Mahfudha alikaa katikati ya vijana wawili wasiojuana, kikapu mapajani, masikio wazi kama mlango wa duka lake.

"Sista, nimeizima, imewaka tena!" Benson alilalama, akionyesha simu. Programu ya bucha alilofanyia kazi, aliyoiweka hewani kwa majaribio tu, ilikuwa ikiwatangazia watu: LEO NYAMA BURE.

Felicitas, kijana wa upande wa pili, alicheka mpaka akaling'ang'ania goti la Mahfudha, ambaye hakuombwa ruhusa. "Kaka, kwenye faili la maelekezo si mliandika makontena matatu, yaani nakala tatu za programu, yawe hai muda wote? Ukiua moja, seva inazaa jingine. Inawatii nyie! Badili faili, weka sifuri."

"Faili siligusi mie! Aliliandika braza aliyeacha kazi. Nitaua mpaka yachoke."

"Utachoka wewe!"

"Hili limekufa... aa, limerudi!"

Mahfudha aliona binti yuko sahihi kabisa, ila si mtu wa kuingilia ya watu. Bajaji iliposimama mbele ya bucha hilo, alishuka, akakikung'uta kikapu, akamwinamia Benson kwa upole.

"Mwanangu, hilo faili usiliguse kwanza. Foleni inaanzia wapi?"