Steinunn Ketilsdóttir, Aliyetungoja Nje ya Dirisha

(Wasifu huu umesomwa na mjukuu wake, Álfrún Hallsdóttir, kanisani Siglufjörður, Jumamosi tarehe 3 Februari 2024)

Bibi yetu Steinunn, ambaye mji mzima ulimwita Steina, alizaliwa tarehe 19 Februari 1952 hapahapa Siglufjörður, katika nyumba ya mabati mekundu ya Mtaa wa Suðurgata. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa Ketill Jónsson, mvuvi, na Guðbjörg Eyjólfsdóttir. Jua, ambalo mji huu haulioni tangu Novemba hadi mwisho wa Januari, lilikuwa limekwisha kurudi siku alipozaliwa, na alipenda kusema kwamba hilo ndilo jambo la kwanza alilolifanya kwa akili.

Kiangazi mama yake alikuwa mwepesi kuliko wanawake wote waliopanga samaki wa heringi kwenye mapipa ya chumvi pale bandarini, na aliimba mpaka wenzake wakamwomba anyamaze kidogo. Lakini kila Novemba, jua likishajificha nyuma ya milima, mama huyohuyo alilala akageuzia uso ukutani. Steina, msichana wa miaka minane, ndiye aliyepika uji na kuwavalisha wadogo zake soksi.

"Mama, utaamka lini?"

"Jua likirudi."

"Na lisiporudi?"

"Nenda shule, mwanangu."

Siku hizi tungeiita sonona. Wakati ule watu walisema tu kwamba Guðbjörg amechoka. Nilimuuliza bibi kama aliogopa. Akaniambia hapana, alikuwa na hasira na jua.

Alisoma shule ya mji huu hadi mwaka 1968. Mwalimu wake alitaka aendelee Akureyri, lakini shule ya huko ilikuwa ya msimu wa baridi, na uji ungepikwa na nani? Akaingia kiwanda cha kugandisha samaki. Mwaka 1979 akaajiriwa kwenye bwawa la kuogelea la mji, akafanya kazi hapo miaka arobaini. Wengi wenu mliomo humu mmewahi kufokewa na bibi yangu kwa kukimbia kwenye vigae vyenye maji.

Tarehe 8 Juni 1974 alifunga ndoa na Ormur Hallsson, fundi wa injini za meli. Babu anasema alimwoa kwa sababu ndiye mtu pekee aliyejua kupika kahawa kali kuliko yake. Bibi alisema huo ni uongo mtupu, yeye alikubali kuolewa ili asipike kahawa tena maishani. Na kweli hakupika tena. Walijaliwa watoto wawili, Hallur, ambaye ni baba yangu, na Bryndís.

Katika baridi ya mwaka 1985, Bryndís akiwa bado ananyonya na babu akiwa baharini, Steina naye aligeuzia uso ukutani.

Sigurlaug Bjarkadóttir, aliyefanya naye kazi bwawani, alikuja kugonga mlango. Hakufunguliwa. Akazunguka hadi dirisha la chumba, na pale kwenye theluji, gizani, akaanza kuruka na kupunga mikono. Bibi alisogeza pazia kidogo.

"Unafanya nini, wewe mwendawazimu?"

"Mazoezi. Maneno ya faraja siyajui, Steina, unanijua."

"Nenda nyumbani. Utashikwa na nimonia."

"Nishikwe. Nikifa itabidi utoke uje kunizika."

Sigurlaug alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Siku ya nne bibi alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akapunga naye.

Hivyo ndivyo lilivyoanza kundi ambalo halijawahi kuwa na jina rasmi, ila mji unawaita Wapunga Mikono. Kuanzia Novemba hadi jua lirudi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walikutana gatini. Walitembea mji mzima kwa kasi na taa vichwani, wakamaliza kwa mazoezi ya viungo hapa chini ya ngazi za kanisa. Babu hakujiunga hata siku moja. "Mnapunga nini nyie, mnaita ndege?" Bibi alimjibu, "Tunaita wavivu. Wewe weka kahawa." Na kila asubuhi aliyokuwa nchi kavu aliwapikia kahawa wote, hata walipokuwa ishirini, akasimama jikoni mpaka aone taa zao zinapanda barabara.

Sharti la bibi lilikuwa moja. Asiyekuja, kundi lilimfuata nyumbani kwake na kufanya mazoezi nje ya dirisha lake. Haingii mtu ndani, hakuna kuulizana kulikoni. Pazia likisogea, wanaondoka, kesho wanarudi. Gestur mwoka mikate ananiruhusu niwaambie kwamba wiki nzima aliwafokea kupitia tundu la barua la mlangoni.

"Mnaniaibisha mbele za majirani."

"Gestur," bibi akamjibu, "majirani zako ndio sisi."

Hakuwahi kudai kwamba mazoezi yanaponya kila kitu. Gestur alipotoka hatimaye, bibi alimpeleka pia kwa daktari, akamngoja nje. Lakini aliamini kwamba mtu akijua anasubiriwa na wenzake kwenye baridi, miguu yake husikia kabla ya moyo.

Mwezi Agosti mwaka jana madaktari wa Akureyri walimkuta na saratani ya kongosho. Bibi aliuliza swali moja tu, kama atafika tarehe 28 Januari, siku jua linaporudi mjini kwetu na kila nyumba inakaanga chapati nyembamba za jua. Daktari akasema huenda. Bibi akalishika hilo "huenda" kwa mikono miwili.

Desemba akalazwa katika hospitali ya hapa mjini, ghorofa ya pili. Wapunga Mikono walihamia chini ya dirisha lake. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika pazia. Nilidhani atalia. Alitazama muda mrefu, kisha akaninong'oneza, "Mwambie Gestur magoti juu." Nikafungua dirisha nikamwambia. Gestur akainua magoti huku analia.

Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 24 Januari 2024, babu akiwa amemshika mkono. Zilibaki siku nne.

Jumapili ile anga lilikuwa safi kabisa. Watoto waliliimbia jua kwenye ngazi za kanisa kama kila mwaka. Mimi sikuweza. Nilikwenda kwa babu. Jua lilifika kwenye dirisha la jikoni, likakuta pazia limefungwa. Hapakutoka harufu ya chapati wala ya kahawa. Nilibisha hodi, akasema kutoka ndani kwamba amechoka kidogo tu. Nilijua neno hilo nimelisikia wapi.

Wapunga Mikono hawajakutana tangu bibi afariki. Nimewauliza kwa nini. Wanasema hawajui nani wa kuwapikia kahawa, na wanaona haya kwenda kwa babu.

Marehemu ameacha mume, Ormur, watoto wawili, Hallur na Bryndís, mkwe, Védís, wajukuu watatu, Álfrún, Ketill na Sunnefa, mdogo wake, Eyjólfur, na Sigurlaug, ambaye familia inamhesabu kuwa dada.

Familia inawatangazia Wapunga Mikono wote kwamba kesho, ingawa ni Jumapili na jua limerudi, tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi nyumbani kwa babu, upande wa dirisha la jikoni. Sigurlaug ataongoza. Babu, usihangaike na mlango wala kahawa. Pazia tu linatosha. Usipolisogeza, tutarudi keshokutwa.

Bibi Steina, lala kwa amani. Kesho sisi ndio tutaamka mapema.