Bao la Rekodi la Adelino Gouveia

Basi la kupanda mtaa wa Monte lilipoondoka Funchal, mji mkuu wa kisiwa cha Madeira, Zulmira aliketi nyuma ya wanaume wawili wasiojuana, amepakata kikapu chake cha samaki. Kabla ya kona ya pili walikuwa wameshaanza kubishana juu ya Adelino Gouveia, mshambuliaji aliyevunja rekodi ya mabao ya kisiwa kizima.

"Bao lile la rekodi alilifunga kwa mkono," alisema mwenye kofia ya sufu. "Mimi nilikuwepo, nyuma ya goli."

"Nyuma ya goli ulikuwa unauza karanga, mzee wangu," alijibu kijana mwenye skafu ya timu. "Kile kilikuwa kichwa. Mpira ulimpiga sikioni."

"Sikio lenye vidole?"

Zulmira alitazama dirishani. Kesi hiyo alishaisikia sokoni, kanisani, hata kwenye msiba wa mama yake, na kila mara aliisikiliza kana kwamba mshtakiwa ni yeye.

Basi likasimama kituoni kwake. Kijana akampisha. "Mama, hebu tuamulie. Mkono au kichwa?"

"Sijui, mwanangu," alisema Zulmira, akiweka kikapu begani. "Ni mume wangu. Tangu tuoane, kila nikimwuliza anasema ana usingizi."

Akashuka.