Dada Mbishi Anastaafu, Ubishi Haustaafu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mhariri wa jarida letu na kiongozi wa vijana wa kanisa anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wazee wa baraza ndio waliomwita mbishi, kwa kukereka. Vijana wakalichukua jina hilo wakalipa heshima, na hadi leo ni Dada Mbishi. Naye huitika.

Alianza kama mpiga chapa wa mahubiri. Mchungaji wa wakati huo aligundua kuwa mahubiri yake yanarudi matamu kuliko alivyoyaandika. Aliyasoma hivyo hivyo mimbarani, kisha akampa jarida alihariri.

Chumba chake kiko juu ya ghala la viti. Dirisha halifungiki, na mezani hakukosi chai iliyopoa kwa kusahaulika. Koma iliyokaa vibaya humuuma kama jino. Vijana walipanda kwake na mashairi yao, wengine na machozi tu, na wote walipata pa kukaa.

Mmoja wao alikuwa binti wa fundi cherehani, sauti nzuri kuliko zote kwenye kwaya. Aliposhika mimba, baraza lilimtoa. Mpiga kinanda, baba wa mtoto, aliendelea kupiga kinanda kana kwamba hakuna lililotokea. Dada Mbishi akamwomba binti ruhusa, akaandika hadithi yake ya kutoka jaridani.

Baraza likaamuru iondolewe. Mwenyekiti alipanda ngazi mwenyewe, akihema.

"Dada, unatuaibisha mbele za watu."

"Mzee wangu, mimi nimeandika tu. Aibu niliikuta."

Hadithi aliiondoa kama alivyoamriwa. Lakini ukurasa aliuacha mweupe, na katikati akachapa mstari mmoja: hadithi iliyokuwa hapa itasomwa Jumapili, baada ya ibada, ukumbi wa vijana.

Jumapili hiyo tuliukuta ukumbi una kufuli mpya. Hakupoteza muda kubishana na kufuli. Alisimama kwenye ngazi za nje akasoma kwa sauti kubwa. Alipomaliza, fundi cherehani, aliyekuwa hasemi na binti yake kwa miezi, alipenya katikati ya watu hadi aliposimama binti, akamshika mkono.

"Twende nyumbani, mama."

Dada Mbishi alivuliwa uongozi. Kila ibada akawa anakaa benchi la mwisho kabisa. Vijana nao wakahamia nyuma, mabenchi ya mbele yakabaki matupu, na mchungaji akawa anahubiria mbao. Baraza likasalimu amri. Dada alirudishiwa vijana wake, na binti akarudi kwenye kwaya. Leo ndiye mwalimu wa kwaya hiyo. Hadithi ilichapwa, neno kwa neno, na baadaye ikawa ya kwanza katika kitabu cha hadithi alichotoa Dada.

Majuzi tulimuuliza atafanya nini akishastaafu.

"Nitaandika bila kumwomba mtu ruhusa."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Hakuna kati yetu anayekumbuka siku aliyowahi kuwaomba wakubwa.

Asante, Dada, kwa kukaa upande wetu hata ulipobaki peke yako. Tunakuombea afya njema, usingizi mzito wa mchana, na ubishi usiopungua hata kidogo.