Saa Iliyoandikwa Kwenye Chupa

Ndugu zetu mliofika kutusaidia kumsindikiza mama, dada na shangazi yetu, historia hii imeandikwa na familia, isipokuwa sehemu moja ambayo marehemu aliiacha kwenye daftari lake, akaagiza isirukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya kibanda cha baba yake, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili akiwa mdogo wake wa kiume, aliyekuja kuwa seremala, na ambaye mwanawe ndiye anayewasomea leo. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza sekondari Desemba 1969, na tarehe 30 Novemba 1973 akatunukiwa stashahada ya ufundi wa maabara.

Aliajiriwa kwanza hospitalini tarehe 4 Februari 1974, kisha tarehe 1 Julai 1979 akahamia maabara ya watu binafsi iliyopima bidhaa za viwanda, zikiwemo sigara, na huko alikaa hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Kazi yake ilikuwa kupima sumu ya moshi kwa seli za mapafu zilizooteshwa kwenye visahani vya vishimo vidogo, mashine ikivuta sigara badala ya mtu, moshi ukipitishwa ndani ya maji maalumu, maji yakitiwa kwenye seli, na kesho yake akizitia rangi nyekundu, kwa kuwa seli iliyo hai huinywa rangi hiyo na iliyokufa hubaki nyeupe. Alizoea kusema kwamba mashine ile ndiyo mvutaji pekee aliyemfahamu asiyekohoa, na majirani, waliposikia anashinda na seli, walimheshimu miaka miwili mizima wakidhani ni askari magereza.

Tarehe 19 Agosti 1978 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, aliyetutangulia tarehe 6 Mei 2009, wakajaliwa binti mwaka 1980 na mwana mwaka 1983. Nyumbani kwao kila chupa ya chai na kila jagi la maziwa lilibandikwa karatasi yenye saa, wageni wakavunjika mbavu, na mumewe akawa analalamika kwamba iko siku ataamka na karatasi kwenye paji la uso.

Sasa ni ile sehemu aliyoagiza isirukwe, kama alivyoiandika mwenyewe, akijiita marehemu kabla ya siku yake. Jumanne tarehe 11 Juni 1985 marehemu alikuwa anapima sigara mpya yenye kichungi, akatengeneza maji ya moshi saa tatu asubuhi, na maji hayo hutakiwa kutumika ndani ya nusu saa, kwa sababu sumu kali hupotea hewani, lakini siku hiyo mkuu wa maabara alikuwa anaagwa, marehemu akaitwa akate keki, akaiacha chupa mezani bila kifuniko, akarudi saa saba mchana, akayatumia hivyo hivyo. Kesho yake seli zilikuwa nyekundu karibu zote, naye akajua papo hapo ni kwa nini, ila wenzake walimwita Hana Mchezo, hajawahi kukosea, akaona haya kusema ameharibu kazi kwa sababu ya keki, basi kwenye kitabu akaandika kwamba maji yalitengenezwa saa sita na nusu.

Pakiti zikatoka zikiwa na maneno kwamba sigara hiyo imepimwa maabara, na mdogo wake, aliyekuwa ameacha kuvuta miezi minne, akamjia na pakiti mkononi akamuuliza kama ni kweli, na dada mtu akamjibu kwamba seli zilipona. Seremala akarudia kuvuta, akafariki kwa saratani ya mapafu tarehe 2 Novemba 1998, mwanawe akiwa na miaka kumi na mmoja, na shangazi akamchukua, akamlea kama wake, wala hakuwahi kumtazama usoni alipomtaja baba yake.

Januari 1999 alirudia kipimo kile kwa kufuata saa, visahani vikatoka vyeupe, akaupeleka ukweli kwa wakuu, wakamwambia sigara yenyewe haiuzwi tena, wakaifunga karatasi kwenye faili. Tangu hapo kila fundi aliyepita mikononi mwake alifundishwa kuimwaga chupa isiyo na saa. Daftari lake linaishia hapo.

Alianza kuugua figo Septemba 2021, akalazwa mara nne, na alifariki Jumanne tarehe 9 Januari 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Binti yake alipendekeza tuandike saa tisa kamili, isomeke vizuri, lakini mimi ninayewasomea nilikuwa nimeushika mkono wa shangazi, na nimeandika saa niliyoiona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi tangu siku ya msiba, na mafundi wenzake waliokuja na makoti yao meupe.

Shangazi, sikuruka kitu. Nina hasira na wewe, na sijui nitaishije bila wewe, na yote mawili ni ya kweli. Pumzika kwa amani.